Boti ndogo za vita na resini: niliyoongea mbele ya wenzangu

Haya ni maneno niliyoongea siku tulipokutana sisi tunaounga modeli, yaani mifano midogo ya boti na meli za kweli, nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni maana wengi waliniomba, na yale maswali ya mwishoni nimeyachanganya humohumo.

Wazee wangu mlioketi mbele shikamooni, na wengine wote habari zenu. Niliambiwa niongelee kuunga boti za kivita za resini, ile kama plastiki ya majimaji inayomiminwa ikaganda, na mi nikakubali haraka sana, kwa sababu hii kitu naipenda mno, tena nina jambo moja la kusema na nitakuwa nalirudiarudia mpaka mnichoke. Jambo lenyewe ni hili: kabla hujashika gundi, kabla hujashika brashi, jiulize boti la kweli lilitengenezwa na nini. Mbao? Chuma? Faibaglasi? Ukilijua hilo nusu ya kazi umemaliza, na usipolijua unaweza ukafanya kazi safi ya mikono halafu ikatoka modeli ya boti ambalo halijawahi kuwepo duniani.

Mnaona hiki nilichoshika. Hii ni bodi, yaani kiwiliwili, ya boti la topido (lile bombu linalokwenda majini lenyewe) la Marekani, yale wanayaita PT, aina ya futi 80 ya kampuni ya Elco. Boti la kweli lilikuwa na urefu wa mita 24 na kitu, sasa kwenye skeli ya 1/72, yaani limepunguzwa mara 72, linatoka sentimita 34 hivi, ukienda 1/35 unagonga karibu sentimita 70, hapo unahitaji meza ya peke yake na mke au mume mwenye subira. Ukienda 1/350 linakuwa sentimita 7 tu, linakaa kwenye kiganja. Boti ni lilelile ila kazi ni tatu tofauti kabisa, kwa hiyo mtu akiniuliza achukue skeli gani huwa namuuliza kwanza, unataka kuonyesha nini? Umbo lake baharini, au mambo ya kwenye sitaha, au unataka kuona mpaka mkanda wa risasi?

Sasa kwa nini resini na sio plastiki ya kawaida. Plastiki zile za kampuni kubwa zinatoka kwenye kalibu za chuma, na kuchonga kalibu ya chuma ni hela nyingi mno, inabidi uuze maelfu kwa maelfu ya maboksi ndo irudi. Ndo maana manowari kubwa zenye majina zipo kila mahali ila boti dogo la doria ambalo hata halikupewa jina, lilipewa namba tu, hakuna wa kulihangaikia. Resini ni tofauti. Mtu mmoja au wawili kwenye karakana yao wanatengeneza boti la mfano kwa mkono, wanalimwagia silikoni, wanapata kalibu, wanachanganya resini ya poliurethani ya sehemu mbili wanamimina, inaganda. Kalibu ya silikoni haidumu, inachoka baada ya kumimina mara chache, labda makumi kadhaa, halafu inaanza kuchanika. Lakini kwa boti ambalo watakaolitaka ni watu mia mbili duniani kote hiyo inatosha. Kwa hiyo hizi boti ndogo makao yake yakawa kwenye resini, na mimi nashukuru sana hao watu, kweli kabisa.

Na hapa nisimame kidogo niseme jambo linaloniuma. Kuna watu wananunua seti moja wanaitia kwenye silikoni yao wanamimina nakala wanauza bei ya chini. Huo ni wizi, sina neno lingine. Mtu kakaa miezi anasoma ramani na picha za zamani anachonga sitaha kwa mkono, we unakuja na ndoo ya silikoni. Na hata ukiacha haki, nakala yenyewe mbovu, resini ikiganda inasinyaa kidogo, nakala ya nakala inasinyaa tena, mwisho una boti ambalo sio 1/72 wala sio kitu chochote na vifaa ulivyonunua kwingine havikai.

Turudi mezani. Boksi limefika umelifungua. Usianze kuunga. Toa kila kipande ukihesabu, angalia bodi kama imenyooka, ilaze juu ya kioo (kioo cha dirisha, sio meza, meza nyingi zimepinda we hujui tu) ichungulie kwa pembeni. Kama omo imeinuka au tezi imejikunja, usiogope. Resini inalainika kwa joto dogo. Chemsha maji, yaache yapoe kidogo yasiwe yanatokota, zamisha bodi dakika moja mbili, itoe uinyooshe taratibu juu ya kioo kwa shinikizo la mikono yote miwili, halafu maji ya baridi palepale. Usilazimishe, kama haijakubali irudishe kwenye maji ya moto. Ila vitu vyembamba kama mitutu ya bunduki hata ukivinyoosha baada ya miezi huwa vinarudi kupinda vyenyewe, hivo mi siku hizi sihangaiki navyo, nakata natupa naweka vijiti na vibomba vya shaba. Bunduki ya rashasha yenye mtutu wa shaba ulionyooka inabadilisha sura ya modeli nzima.

Kuosha. Jamani kuosha! Ile resini ili itoke kwenye kalibu wanapaka dawa ya kuzuia isigande na silikoni, na ile dawa inabaki juu ya vipande hata kama huioni. Boti langu la kwanza la resini sikuosha, nilikuwa na haraka, nikapiga praima, ile rangi ya chini ya kushikia, nikapiga rangi ikaonekana nzuri kabisa, nikabandika tepu ili nipige mstari mweusi wa majini, kuitoa ile tepu ikaja na rangi yote ya ubavu mmoja kama ganda la ndizi. Kazi ya wiki tatu. Niliumia sana na ndo maana nawaambia, maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani, sugua kila kona, suuza, acha ikauke yenyewe usiku mzima. Na uoshee juu ya kitambaa au chujio ili vipande vidogo visipotee.

Halafu vumbi, na hapa naomba vijana mnisikilize kuliko sehemu nyingine yote. Vumbi la resini ni laini sana na linaingia ndani kabisa ya mapafu. Nilikuwa napiga msasa mkavu jioni, dirisha limefungwa, na kwa siku nyingi nilikuwa nakohoa bila kujua kwa nini, mpaka siku nilipoona kwenye mwanga wa taa lile vumbi linavyoelea. Tangu siku hiyo napiga msasa wa maji tu, bakuli liko pembeni, nachovya msasa nasugua, lile tope la maziwa nafuta na karatasi nyevu natupa. Na kama lazima ukate na msumeno basi barakoa ya chembechembe, ile inayobana usoni, sio kitambaa. Na wale mnaochapisha vipande wenyewe kwa mashine za resini ya mwanga, glavu, maana ile ikiwa bado majimaji inaunguza ngozi na wengine mwili unaikataa kabisa moja kwa moja.

Kuna lile pande la resini linalobaki pale ilipomiminwa, kile kisiki, mara nyingi kinakuwa chini ya bodi nzima. Ukitaka modeli ya kuelea, yaani inayoishia kwenye mstari wa maji, bandika karatasi kubwa ya msasa juu ya kioo, mwagia maji, sukuma bodi kwa mizunguko kama namba nane na ugeuze mwelekeo kila baada ya muda, la sivyo upande mmoja unaisha kuliko mwingine na boti linalala ubavu. Piga alama za penseli chini ya bodi, zikifutika sawasawa zote ujue uko sawa. Hii kazi ni ya saa mbili tatu, haina njia ya mkato, weka redio.

Vitundu vya hewa vipo karibu kila seti, vingine vinaonekana vingine viko chini ya ngozi na msasa unavifumua. Mi naweka tone la supaglu halafu nanyunyizia bekingi soda, inaganda hapohapo, ila piga msasa mapema kwa sababu ukiiacha mpaka kesho inakuwa ngumu kuliko resini yenyewe na utachimba bonde pembeni yake.

Gundi. Ile gundi ya plastiki tuliyoizoea haifanyi kazi hapa, inafanya kazi kwa kuyeyusha plastiki na resini haiyeyuki nayo, itakauka tu juu na kipande kitadondoka. Tumia supaglu kwa vitu vidogo na epoksi kwa vitu vizito. Supaglu inashika haraka ila haipendi kugongwa kwa ubavu, kwa hiyo mlingoti, vibanda vya bunduki, topido, vyote hivyo toboa tundu dogo upande huu na huu uweke pini ya waya wa shaba ndani. Modeli yangu moja ilianguka kutoka kabatini na vilivyokuwa na pini vyote vilibaki, visivyo na pini niliviokota sakafuni siku mbili.

Sasa tufike nilikokuwa nawapeleka.

Hizi PT zilikuwa mbao. Tabaka mbili za mbao za mahogani zimepigwa mshazari, moja inaenda huku nyingine huku, katikati kitambaa cha turubai na gundi. Injini tatu za Packard za petroli. Petroli, sio dizeli, yaani vijana wale walikuwa wanakaa juu ya maelfu ya lita za petroli ya ndege ndani ya boti la mbao wanaenda usiku kutafuta manowari za chuma. Kila nikipiga msasa sitaha yake nawafikiria. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Agosti 1943, kwenye visiwa vya Solomon, PT-109 iligongwa na manowari ya Japani iitwayo Amagiri ikakatika, wawili wakafa palepale na 11 wakaokoka, nahodha akiwa John F. Kennedy ambaye baadaye alikuwa rais. Waliogelea mpaka kisiwani, na waliowapata ni wenyeji wawili wa visiwa hivyo, Biuku Gasa na Eroni Kumana, waliokuwa wanapita na mtumbwi wao, ndo walioubeba ule ujumbe wa kuomba msaada ambao Kennedy aliuchonga kwenye kifuu cha nazi. Mimi hayo majina mawili nayataja kila nikiongelea hili boti na nitaendelea kuyataja.

Lakini kwa muungaji kuna somo lake hapo. Safari ile ya mwisho PT-109 ilikuwa imefungiwa mbele mzinga wa jeshi wa milimita 37, ule wa kupigia vifaru, umekazwa juu ya magogo ya mbao kwenye sitaha. Kwenye michoro ya kiwandani hauumo. Mabaharia walijiongezea wenyewe kule kule. Na boti zote hizi zilikuwa hivyo, leo lina hiki kesho lina kile, mwanzoni zilikuwa na mabomba manne ya chuma ya kurushia topido, ambayo grisi yake ilikuwa inaweza kuwaka wakati wa kurusha ikawaonyesha adui walipo, baadaye wakayatoa wakaweka rafu nyepesi ambazo topido linabingirishwa tu linaangukia baharini. Kwa hiyo seti ikiandikwa Elco futi 80 hiyo ni familia, sio boti. We chagua namba moja na mwezi mmoja, tafuta picha zake, unga ile.

Na kutu! Naona modeli nyingi nzuri kabisa, mtu kajitahidi, halafu ubavuni kashusha michirizi ya kutu kutoka omo mpaka tezi. Ndugu yangu, mbao haipati kutu. Mbao inachubuka, inapauka na jua na chumvi, rangi yake inabanduka ikaonyesha rangi ya chini au mbao yenyewe. Kutu weka kwenye nanga, kwenye mnyororo, kwenye yale mabomba ya topido kama boti lako ni la mapema. Masizi weka nyuma kwenye tezi, pale moshi wa injini ulipotokea. Na ile michoro ya mbao moja moja kwenye ubavu, wengine wanaichimba kwa kisu ili ionekane, hebu piga hesabu, mwanya wa milimita moja kwenye boti la kweli ukiugawa kwa 72 unabaki kama sehemu moja ya mia ya milimita, jicho halioni. Bodi ilikuwa imepakwa rangi nzito, ilikuwa laini. Iache laini.

Chukua nyingine, boti za doria za mtoni za Vietnam, PBR, zilizoanza kazi kule mwaka 1966. Hii ni faibaglasi, mita 9 na kitu, mabaharia wanne tu, na haina propela. Inavuta maji kwa chini inayasukuma nyuma kwa pampu za Jacuzzi ili ipite kwenye maji machache yenye majani, kwa hiyo mkiona mtu kaweka propela na usukani chini yake mwambieni kwa upole. Faibaglasi nayo haina kutu. Ila zile za toleo la pili waliziwekea kingo za alumini kwa juu ubavuni, maana kutwa nzima zilikuwa zinasimamisha mitumbwi kuikagua na mitumbwi inagonga na kusugua. Umeona raha ya kujua? Sasa unajua uchubue rangi wapi, pale juu pembeni ambapo watu wawili walisogeleana wakaangaliana, na unachubua ung'ae mweupe wa alumini, sio kahawia.

Wajerumani nao na Schnellboot zao, yaani boti zao za kasi za topido, mita 35 karibu, mbao juu ya fremu za aloi nyepesi, ila wao dizeli, injini tatu za Daimler-Benz, hazishiki moto kirahisi kama petroli. 1/35 inakuwa mita moja kamili, nimeona moja tu imemalizika na nilisimama mbele yake muda mrefu.

Kilichonifanya nizishike hizi boti nisiziache ni hiki. Vita ya Pili ya Dunia ilipoisha mbao haikuwa na faida, haiyeyushwi kama chuma. PT nyingi zilizokuwa Ufilipino walizivuta ufukweni pale Samar mwaka 1945, wakatoa injini na silaha, wakazichoma moto. Zilizobaki duniani unazihesabu kwa vidole, kule Marekani PT-617 na PT-796 ziko Massachusetts, PT-658 Oregon, PT-305 ilikarabatiwa New Orleans, na chache nyingine. Kwa hiyo mtoto akitaka kuona lile umbo, lile tumbo pana linalonyanyuka majini, mara nyingi atakaloliona ni letu, la kabatini. Ndo maana nakuwa mkali kwenye kutu.

Dada mmoja aliuliza kuhusu maji, anataka kulionyesha likiwa mbio. Swali zuri sana. Boti hizi zikikimbia omo inanyanyuka kabisa hewani, povu halianzii puani kama la meli kubwa, linaanzia katikati ya ubavu pale bodi inapogusa maji, linafunguka kama mabawa. Ukiweka povu puani umeua mbio zote. Na kama linakimbia basi watu wake wapige magoti kidogo na kushika kitu, hakuna anayesimama wima kwenye sitaha inayoruka hivo.

Na kijana wa nyuma aliyeuliza aanze na boti gani kwa mara ya kwanza. Mi nakwambia anza na LCVP, lile boti la kushushia askari ufukweni la Andrew Higgins wa New Orleans, waliunda zaidi ya 20,000, kila moja lilibeba askari 36. Futi 36, kwenye 1/35 ni sentimita 31, linaenea kwenye meza yoyote. Ni boksi la wazi, halina mlingoti wa kukusumbua, vipande vichache, ukikosea unarekebisha. Tena lina mtihani wote niliousema leo ndani yake: mbavu zake ni plaiwudi, na ule mlango wa mbele unaoshuka ni chuma. Kwa hiyo osha vipande vyako, acha vikauke, halafu chukua mlango peke yake, upake kutu hapo, kwenye bawaba na pale chini unapokwaruza mchanga, ukimaliza ufunge kwenye boti lako na mbavu ziache na rangi ya kijivu iliyopauka.